Aliyeko Mbali na Kitendo Chake

Eneokazi la mbali ni mpangilio unaomwezesha mtu kukaa mbele ya kompyuta moja huku akitumia nyingine iliyo mahali pengine, kana kwamba skrini na kibodi anazogusa ni za ile ya pili. Kati ya hizo mbili husimama programu ya kuziunganisha. Baadhi ya programu hizo huanzishwa kwa kubofya picha. Nyingine, kama xfreerdp inayotumika sana kwenye Linux, huanzishwa kwa kuandika mstari mmoja wa amri unaotaja kompyuta inayoendewa, jina la anayeingia na vitu anavyokubali vivuke pamoja naye. Mstari ukishatumwa, dirisha hufunguka, na ndani yake imo mashine nzima: faili zake, programu zake, hata saa yake ya nchi nyingine. Hapo huzuka swali ambalo mafundi hawalihitaji ili kazi yao iende, lakini wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelihangaikia kwa karne nyingi kwa majina mengine: mtu huyo yuko wapi, na kitendo anachokifanya kinatendeka wapi?

Ili kulijibu ni lazima kwanza kujua kinachosafiri. Katika itifaki iitwayo RDP, ambayo ndiyo xfreerdp huizungumza, kila kitufe cha kibodi kikibonyezwa au kuachiwa hutumwa kama namba ya kitufe hicho. Kipanya hutumwa kama namba mbili za mahali kilipo kwenye skrini. Kutoka upande wa pili hurudi vipande vya picha vinavyoonyesha kilichobadilika. Hati inayohaririwa haiondoki kwenye seva, yaani ile mashine ya mbali. Herufi inayoonekana kuchapwa haikuchapwa na mkono wa mtumiaji; imechorwa na mashine ya mbali baada ya kupokea namba. Mtu akibofya neno “futa”, upande wake hakuna kinachofutika. Kufutika kote kunatokea kule, na yeye huletewa picha ya mahali palipobaki patupu.

Mmoja wa mafundi wa mwanzo kulionyesha jambo hili hadharani alikuwa Douglas Engelbart. Tarehe 9 Desemba 1968 alisimama San Francisco mbele ya wataalamu wa kompyuta, akahariri maandishi na kubofya viungo kwa kutumia mashine iliyokuwa Menlo Park, kama kilomita 48 kutoka ukumbini. Mwaka 1984 Chuo cha MIT kilianza mfumo wa X Window, ambao uliruhusu programu kuendeshwa kwenye kompyuta moja na kuonekana kwenye nyingine. Katika miaka ya 1990 maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ikatengeneza VNC. Microsoft ilitoa RDP mwaka 1998 pamoja na toleo la Windows NT 4.0 lililokusudiwa watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Watu wa Linux wakaifikia kupitia rdesktop, kisha kupitia FreeRDP iliyochipuka kutoka humo mwaka 2009, na xfreerdp ni tunda lake. Historia hiyo fupi ina jambo moja la kuangaliwa: katika kila hatua mafundi waliongeza umbali wa mkono na wa jicho, na hakuna hatua iliyousogeza mwili.

Mwanafikra aliyeacha chombo kizuri zaidi cha kulipima jambo hili hakuwahi kuona waya wa umeme. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza ni kwa namna gani Mungu yumo katika vitu vyote, akatofautisha namna tatu. Kwa uwezo, kama mfalme anavyosemwa kuwa katika ufalme wake wote kwa sababu amri yake inafika kote. Kwa kuona, kama vitu vyote vilivyomo nyumbani vilivyo mbele ya macho ya mwenye nyumba ijapo yeye hayumo katika kila pembe. Na kwa dhati yake, yaani pale alipo yeye mwenyewe. Thomas alifundisha kwamba Mungu yuko kila mahali kwa namna zote tatu, na kwamba kwa kiumbe namna hizo zinaweza kutengana. Mfalme yuko kwa uwezo mahali asipopaona, na mtazamaji anaona mahali asipo na uwezo napo.

Mpangilio wa eneokazi la mbali umetengana hivyo hivyo, tena kwa usahihi wa kushangaza. Mtumiaji yuko kwenye seva kwa uwezo, maana amri yake inatekelezwa. Yuko kwa kuona, kwa kiasi cha picha anazoletewa. Kwa dhati hayuko. Hata zile namna mbili alizo nazo zinaweza kugawanywa tena. Msimamizi wa seva ya Windows anaweza kujiunga na kikao cha mtu mwingine kwa ruhusa ya kutazama tu, na hapo huwa na jicho bila mkono. Programu iliyoandikwa kutuma amri usiku bila mtu kutazama ina mkono bila jicho. Kwa maelfu ya miaka, kwa watu wa kawaida, mambo haya matatu yalisafiri pamoja ndani ya ngozi moja, na ndiyo sababu neno “kuwepo” lilitosha. Sasa halitoshi tena. Ugomvi mwingi unaohusu kazi ya mbali, ibada ya mbali na hatia ya mbali unatokana na watu wawili kutumia neno hilo hilo huku kila mmoja akishika kipande chake.

Kuhusu mahali pa kitendo, Aristotle alitoa jibu ambalo wasomaji wengi huliona la ajabu mara ya kwanza. Katika kitabu cha tatu cha Fizikia alihoji kama tendo la mwalimu limo katika mwalimu au katika mwanafunzi, akaamua kwamba kufundisha kunakamilika ndani ya anayefundishwa. Mwalimu aliyesema mchana kutwa bila mtu kujifunza kitu hajafundisha. Mtenda na mtendwa wana tukio moja, na makao ya tukio hilo ni upande wa mtendwa. Mtu anayefuta hifadhidata kupitia xfreerdp, kwa hesabu hii, ametenda kule iliko hifadhidata. Chumbani mwake vilihama vidole tu.

Sheria za nchi zimefika karibu na hapo bila kumtaja Aristotle. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta huzipa mahakama mamlaka ikiwa mshtakiwa alikuwa nchini alipotenda, au ikiwa kompyuta iliyoingiliwa ilikuwa nchini. Maelezo ya Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001 juu ya uhalifu wa mtandao nayo yanasema nchi inaweza kudai mamlaka juu ya tukio ikiwa mashine iliyoshambuliwa iko ndani ya mipaka yake, hata kama mshambuliaji hajawahi kukanyaga ardhi yake. Sheria basi humhesabu mtu kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, pale ulipo mwili na pale ulipofika uwezo. Mwanafalsafa Daniel Dennett aliliona hilo mwaka 1978 katika hadithi fupi ya kubuni, ambamo ubongo wa mtu umewekwa kwenye chombo mjini Houston huku mwili wake ukitembea kwingine kwa mawimbi ya redio. Mtu huyo akiiba benki katika jimbo jingine, Dennett aliuliza, atahukumiwa wapi? Mwaka 1978 swali hilo lilikuwa la kufurahisha darasa. Leo ni kazi ya kila siku ya waendesha mashtaka.

Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuwa na msamiati wa kujadili hali hii kabla ya kompyuta, kwa sababu fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, tangu zamani imetenganisha mkataba kati ya waliohudhuria na mkataba kati ya walio mbalimbali wanaoandikiana au kutumiana mjumbe. Mwezi Machi 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah likajadili mikataba inayofungwa kwa teleksi, faksi, simu na skrini za kompyuta. Uamuzi wake ulikuwa wa busara na unastahili kusomwa na mafundi pia. Mawasiliano ya sauti yanayokwenda papo kwa papo yalihesabiwa kuwa sawa na ya watu waliohudhuria, hata wakiwa nchi mbili. Maandishi yanayotumwa yalihesabiwa kuwa mkataba wa wasiohudhuria, nao ni halali ukishapokewa na kukubaliwa. Kisha Baraza likatoa mambo matatu nje ya ruhusa hiyo: ndoa, kwa sababu inahitaji mashahidi, ubadilishaji wa fedha, kwa sababu unahitaji kukabidhiana hapo hapo, na mauzo ya salam, yaani ya bidhaa itakayoletwa baadaye, kwa sababu mtaji wake lazima ulipwe mapema.

Uzuri wa uamuzi huo ni kwamba haukuuliza kama kompyuta ni kitu kizuri au kibaya. Uliuliza kila tendo linahitaji kipande gani cha kuwepo. Biashara ya kawaida inahitaji nia iliyotamkwa na ikasikika, na nia inasafiri kwenye waya bila kupungua. Sarafu inahitaji mkono unaopokea. Ndoa inahitaji macho ya mashahidi wanaoweza kuapa kwamba walimwona na kumsikia mhusika au wakili wake, na ndiyo maana fiqhi hiyo hiyo humruhusu bwana harusi aliye ng'ambo kuwakilishwa na mtu aliyekaa mkekani siku ya akidi. Tatizo la akidi kwenye skrini liko kwa shahidi, ambaye akiulizwa baadaye atalazimika kukiri kwamba alichokiona ni picha.

Katika ibada mjadala ni mkali zaidi. Ahmad ibn al-Siddiq al-Ghumari, mwanazuoni wa Moroko katika karne ya 20, aliandika risala nzima kutetea uhalali wa kuswali Ijumaa nyumbani nyuma ya imamu anayesikika kwenye redio. Wanazuoni walio wengi hawakumfuata, wakishikilia kwamba swala ya jamaa ni mkusanyiko wa miili na safu zilizoungana, na sauti pekee haiungi safu. Kanisa Katoliki lilifika mahali panapofanana na hapo kwa njia yake. Hati ya Vatikani ya mwaka 2002 juu ya Kanisa na intaneti ilikubali mtandao kwa mafundisho na mawasiliano, ikakataa kwamba kuna sakramenti zinazoweza kutolewa humo. Ekaristi huliwa na ungamo hufanywa kwa padri aliyepo. Hata hivyo baraka ya Papa ya Urbi et Orbi huwafikia wanaoipokea kwa redio na televisheni, pamoja na rehema inayoambatana nayo. Baraka ni neno na neno husafiri. Mkate hausafiri kwa namba. Dini mbili zisizokubaliana katika mengi zimeukata mpaka karibu mahali pamoja, na hilo halielekei kuwa bahati. Zote mbili zinafundisha kwamba mwanadamu ni mwili pia, na kwamba liko tendo ambalo mwili ndio unaolitenda.

Nini hasa kinakosekana pale mwili unapokosekana? René Descartes, ambaye hutajwa kama mtu aliyetenganisha roho na mwili, alisema katika tafakuri yake ya sita ya mwaka 1641 kwamba roho haikai mwilini kama baharia ndani ya chombo. Ingekuwa hivyo, mtu akijikata angeuona mkato kwa macho tu, kama baharia anavyoona ubao uliovunjika. Kumbe mtu huumia. Mtumiaji wa eneokazi la mbali ndiye baharia huyo hasa. Seva ikipata joto kupita kiasi, feni ikianza kulia, moshi ukitoka kwenye kabati, yeye haoni ila kile ambacho programu fulani imeandikwa kumwonyesha. Anajua hali ya mashine kwa taarifa. Na msimamizi ambaye kila anachokijua amekijua kwa taarifa ana wajibu wa unyenyekevu ambao aliye chumbani na mashine hauhitaji kwa kiwango hicho hicho.

Mwanafalsafa Maurice Merleau-Ponty alijibu upande wa pili mwaka 1945 kwa mfano wa fimbo ya kipofu. Kipofu aliyeizoea haihisi fimbo kiganjani, bali huhisi ardhi kwenye ncha yake. Fimbo imeingia ndani ya mwili wake. Yeyote aliyefanya kazi kwa muda mrefu kwenye kompyuta ya mbali anajua kwamba hili hutokea. Baada ya dakika chache dirisha husahaulika, kukabaki kazi. Lakini fimbo hii ina sharti la kasi. Mwanga kwenye nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kati ya sehemu mbili zilizoachana kilomita 7,500 haiwezi kupungua milisekunde 75, haidhuru fedha iliyotumika. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 35,800 juu ya ikweta, na kila kitufe kilichobonyezwa kilingoja karibu nusu sekunde kabla jibu lake halijaonekana. Nusu sekunde inatosha kuirudisha fimbo kuwa fimbo. Mtu huanza tena kuhisi kwamba anatuma ujumbe kwa kitu kingine.

Mkono wa mbali umefika hata kwenye upasuaji. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari mpasuaji Jacques Marescaux akiwa New York aliondoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa mikono ya roboti iliyounganishwa kwa nyuzi za kioo. Ucheleweshaji ulikuwa kama milisekunde 155, chini ya kikomo ambacho timu yake ilikuwa imekikadiria kuwa salama. Upasuaji ulifanikiwa. Jambo lisilotajwa vya kutosha ni kwamba kando ya kitanda cha mgonjwa walisimama madaktari wengine, tayari kushika kazi endapo waya ungekatika. Waliojua zaidi nguvu ya mkono wa mbali ndio walioona haja ya kuweka mwili wa karibu.

Hapa ndipo mstari wa amri unapoleta jambo lake la pekee. Anayebofya picha huingia kwa masharti yaliyopangwa na mwingine, mara nyingi bila kuyaona. Anayeandika amri analazimika kusema kabla ya kwenda: anakwenda wapi, kwa jina la nani, na nini kivuke. Baada ya neno xfreerdp hufuata /v: na anwani ya seva, kisha /u: na jina la mtumiaji. Akiongeza /drive na jina la folda, folda hiyo ya nyumbani kwake itaonekana ndani ya mashine ya mbali, nayo mashine ya mbali itaweza kuisoma na kuiandika. Akiruhusu ubao wa kunakili, chochote atakachonakili upande wake kinaweza kusomwa upande wa pili, ikiwemo nywila aliyoinakili kwa ajili ya jambo lingine kabisa. Mstari huo ni nia iliyoandikwa. Mafundisho ya Kiislamu huweka nia mwanzoni mwa kila tendo la ibada na kuifanya kipimo cha tendo lenyewe, na wanaadili wa Kikristo nao hutofautisha kilichokusudiwa na kilichotokea tu. Katika mambo mengi ya maisha nia hubaki moyoni ambako hakuna mwingine anayeisoma. Kwenye mstari wa amri sehemu yake huandikwa wazi, hubaki kwenye historia ya dirisha la amri, na aliyeiandika anaweza kuulizwa baadaye kuhusu kila kigezo. Nywila iliyoandikwa humo hubaki nayo pia, ndiyo maana wenye uangalifu huacha programu yenyewe iiombe.

Kigezo kizito kuliko vyote ni cha imani. Mtu anapojiunga kwa mara ya kwanza, seva hutoa cheti, na xfreerdp, isipoweza kukithibitisha yenyewe, huonyesha alama yake ya kidole, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi, kisha huuliza kama cheti kikubaliwe. Kuna njia tatu. Cheti kinaweza kuthibitishwa na mnyororo wa mamlaka, kila moja ikishuhudiwa na iliyo juu yake. Kinaweza kukubaliwa mara ya kwanza na kukumbukwa, ili kikibadilika baadaye mtu aonywe. Kigezo cha /cert:tofu hufanya hivyo. Au mtu anaweza kuandika /cert:ignore, akaamuru programu isiulize chochote juu ya cheti. Atakayekaa katikati ya njia na kujifanya seva atapokewa kwa mikono miwili.

Swali la kumwamini usiyemwona kupitia kwa wanaomshuhudia lina historia ndefu katika elimu ya hadithi za Mtume Muhammad. Wataalamu wa isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana hadithi, walipima kila msimulizi: uadilifu wake, hifadhi yake, na kama kweli alipokea kwa aliyemtaja. Juu ya jambo la mwisho kulitokea mzozo maarufu. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, hunasibishwa na sharti kwamba lazima ithibitike msimulizi na sheikhe wake walikutana angalau mara moja. Muslim, mkusanyaji mwingine, katika utangulizi wa mkusanyo wake uitwao Sahihi, alipinga sharti hilo kwa ukali, akaona inatosha kwamba waliishi wakati mmoja na kukutana kwao kuliwezekana. Anayekubali cheti kwa njia ya tofu anajenga kila kitu juu ya mkutano mmoja wa mwanzo, kwa hiyo mkutano huo lazima uwe wa kweli: alama ya kidole ilinganishwe na ile iliyotolewa na msimamizi kwa njia nyingine, kwa simu au kwa karatasi. Bila kulinganisha, mtu ameukumbuka uso wa yeyote aliyefungua mlango siku ile. Na anayetegemea mnyororo wa mamlaka naye anahitaji mtu wa kuwapima wasimulizi. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi ya DigiNotar, iliyokuwa pete katika mnyororo huo, iliingiliwa, na vyeti vya uongo vilivyotolewa kwa jina lake vikatumika kuwanasa watumiaji wa Google nchini Iran. Vivinjari viliiondoa kwenye orodha zao, nayo ikafilisika mwaka huo huo. Wanazuoni wa hadithi wangeielewa hukumu hiyo bila kufafanuliwa: msimulizi aliyethibitika kusema uongo hupokonywa kila alichosimulia.

Imani hiyo inakwenda pande zote mbili kwa namna ambayo wengi hawaijui. Katika uthibitishaji wa kawaida wa RDP, nywila ya mtumiaji hukabidhiwa seva ili iweze kuitumia kwa niaba yake. Seva imefanywa wakili mwenye uwakala kamili. Ikiwa imekwisha kutekwa, aliyeiteka anaweza kwenda kwingine kwa jina la mtu huyo. Microsoft iliongeza baadaye njia isiyotuma nywila, na xfreerdp huiruhusu kwa kigezo cha /restricted-admin. Fiqhi hutofautisha uwakala wa jumla na uwakala wa jambo maalumu, na mwenye akili hampi mjumbe zaidi ya kinachohitajika kwa safari moja. Kanuni hiyo inafaa hapa bila kubadilishwa neno.

Linabaki jambo la kuondoka. Dirisha la xfreerdp likifungwa, mara nyingi watu hudhani wametoka. Kwa kweli wamekata waya tu. Kikao chao kwenye seva huendelea kuwepo: programu zilizokuwa wazi zinabaki wazi, kazi iliyoanzishwa inaendelea, jina lao bado limo kwenye orodha ya walioingia. Kutoka kabisa ni tendo jingine linalohitaji kuamriwa ndani ya mashine yenyewe, isipokuwa msimamizi ameweka muda wa kukifunga kikao kilichoachwa. Hali hii haina mfano kamili katika falsafa ya zamani. Mfalme wa Thomas akilala, ufalme haufanyi jambo jipya kwa mkono wake. Wakili katika fiqhi hupoteza uwakala wake aliyemtuma anapofariki. Kikao kilichoachwa hakijui kama mwenyewe amelala, amefukuzwa kazi au amekufa. Hutenda kwa jina lake hadi umeme ukatike, muda uliowekwa uishe au mtu mwingine akifunge.

Je, mwenye jina anawajibika kwa kinachotendwa humo baada ya yeye kuondoka? Ikiwa kitendo kipo pale kinapokamilika, na ikiwa aliyekianzisha alijua au alipaswa kujua kwamba kitaendelea, jibu ni ndiyo. Umbali haupunguzi dhima hata chembe. Unachopunguza ni ujuzi, kwa kuwa jicho la mbali huona kidogo, na ujuzi uliopungua kwa hiari humwongezea mtu lawama. Aliyeandika /cert:ignore kwa kuchoshwa na maswali alichagua kutojua. Aliyefunga dirisha bila kutoka alichagua kutoona. Wahandisi huyaita mambo haya uzembe wa usalama, na wamesema kweli, ila jina hilo ni dogo kuliko jambo lenyewe. Mtu anayeweza kuwa mahali kwa uwezo bila kuwa hapo kwa dhati amepewa sehemu ya mamlaka ambayo zamani walikuwa nayo wafalme, tena bila mawaziri wa kumletea habari.

Kwa hiyo wajibu wa anayeingia mashine ya mbali ni mzito kuliko wa aliyeketi mbele yake, na unaanza kabla dirisha halijafunguka. Msomaji anayetumia programu hizi na aiombe alama ya kidole ya seva kwa msimamizi kabla ya kuikubali, aandike vigezo vya kazi ile tu, na amalizapo atoke kwa amri ya kutoka, si kwa kufunga dirisha.